Mkate wa Kumi na Moja

Sanduku la rangi ya waridi, lenye magurudumu, lilikuwa limesimama kwenye pembe ya ua kwa siku ya tatu sasa. Benedicta Almaraz alikuwa ameshalipiga teke mara nne, mbili kati ya hizo kwa bahati mbaya. Lilikuwa tupu. Mirtha alikuja nalo tupu makusudi kutoka Santa Cruz, ili arudi nalo limejaa nguo za mtoto.

"Bi Benedicta, kama linakuzuia njia nilisogeze," Mirtha alisema kutoka kwenye kiti, bila kunyanyuka.

"Liache. Limekuja na njaa, litaondoka na njaa."

"Haya. Kesho si mbali."

"Na isiwe mbali."

Mtoto mwenyewe, Lucinda, miaka sita kasoro miezi miwili, alikuwa amechuchumaa karibu na tanuri akipanga madonge ya unga kwenye ubao, matano matano. Hakuinua kichwa, lakini Benedicta aliona jinsi mgongo wake ulivyokakamaa. Mtoto asiyesema husikia mara mbili, na huyu alikuwa amesikia kila kitu.

Mambo yalikuwa hivi. Yola, binti wa Benedicta na mama yake Lucinda, alikuwa Uhispania mwaka wa tano huu, akimwosha na kumlisha mzee wa watu. Baba wa mtoto alikwenda Chile kutafuta kazi akapata na mke, na hapo kwao Punata hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Mirtha ni dada wa huyo baba. Hana mtoto, ana nyumba ya vigae, ana huruma ya kweli, na ana mdomo. Mwaka uliopita Lucinda alipelekwa chekechea akakaa wiki tatu bila kutamka neno. Akiulizwa jina, kimya. Akiulizwa hesabu, kimya. Akarudishwa nyumbani na karatasi iliyosema hajui kuhesabu, na Mirtha akaisoma karatasi hiyo kwa simu, neno kwa neno, mpaka Uhispania.

"Wifi, mtoto anashinda anachezea unga," alimwambia Yola. "Bibi yake ni mtu mwema, sikatai, lakini shule yenyewe alisoma miaka miwili. Atamfundisha nini? Nipe mimi. Huku kuna shule za kulipia, kuna walimu wa watoto wazito."

Yola alilia, kisha akakata shauri. Mwalimu wa darasa la kwanza angempima mtoto mwezi wa pili, kabla shule hazijafunguliwa. Akisema yuko tayari, atabaki kwa bibi yake. Akisema bado, ataondoka na Mirtha jioni hiyo hiyo. Mirtha, ambaye hapendi mambo ya kusubiri, alikuwa ameshakata tiketi mbili za basi.

Benedicta alipoambiwa, tiketi hazikumuuma kama ile karatasi.

"Hajui kuhesabu?" alisema, mikono imejaa unga. "Mjukuu wangu mimi?"

Maana huyu Benedicta jina lake huliandika kwa kubahatisha, lakini hesabu ziko mikononi mwake. Alikalishwa kwenye meza ya mama yake sokoni akiwa na miaka saba, na leo ana nusu karne akiuza mkate. Huingiza mikono kikapuni akatoa mikate kumi bila kuangalia, huku akiendelea kukusimulia visa vya mume wa jirani. Marehemu mumewe, Fortunato, alikuwa mwashi. Siku moja alimwita autazame ukuta amwambie matofali yaliyobaki kama yatatosha. Benedicta alitazama, akasema litapungua moja. Fortunato akacheka, akajenga, na moja likapungua. Tangu siku hiyo hakucheka tena hesabu za mkewe.

Basi kuanzia mwezi wa kumi na moja nyumba yake iligeuka darasa, ila darasa lisilo na chaki. Benedicta hakujua namna nyingine. Asubuhi walipanda ngazi za kwenda darini walikoanikia mahindi, na kila ngazi ilikuwa na namba yake. Wakishuka, namba zilirudi kinyumenyume, na anayekosea anaanza tena juu. Walipokunja vitambaa vya kufunikia mkate, Lucinda alionyeshwa nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka kitambaa kikawa kidogo kuliko kiganja. Benedicta alificha maharagwe ngumini, saba kwa jumla, akafungua mkono mmoja na kuuliza mwingine una mangapi. Walitengeneza mizani ya makopo mawili na kijiti, wakabishana kiazi kimoja ni sawa na vitunguu vingapi.

Siku nyingine ilikuwa kazi ya kikombe cha bati na kopo kubwa la unga. "Vikombe vingapi vitajaza?" bibi anauliza. Mtoto anakisia: kumi na mbili. Wanamimina, wanahesabu, inafika kumi na tano. Mtoto ananuna. "Usinune, mama. Haba na haba hujaza kibaba. Haya, kisia tena, lile kopo dogo." Akipatia, anapewa donge la unga afanye anavyotaka, na alilolitaka siku zote ni kutengeneza farasi wa mkate mwenye miguu mitano.

Nyumbani Lucinda alisema. Alisema mno, hata Benedicta akatamani kidogo ile karatasi ya chekechea iwe na ukweli. Lakini akiingia mgeni mlangoni, mdomo unafungwa kabisa. Hilo ndilo lililomnyima bibi raha. Kila usiku alijiambia: hesabu anazo, atazitoaje?

Dawa aliyoiona ni mchezo wa sokoni, kwa sababu muuzaji hahitaji maneno mengi, anahitaji mikono. Aliweka kibao uani, punje za mahindi zikawa mikate, Lucinda akavikwa kofia nyeupe ya bibi yake iliyomfika puani. Benedicta akawa mteja, na mteja gani! Mkali, mwenye haraka, mwenye dharau.

"We binti, nipe minane. Na usinipunje!"

Siku ya kwanza Lucinda alihesabu nane, akaziweka mbele yake kwa fahari. Benedicta akazitazama, akatazama juu, akazisukuma.

"Ndiyo yote?"

"Nane, bibi. Ulisema nane."

"Na yapa yangu iko wapi? Kumbe nimekuja kwa bahili! Sirudi hapa tena." Akajifunga kitambaa chake mgongoni, akaondoka kweli, mpaka barabarani.

Mtoto alilia. Benedicta alirudi, akampangusa kamasi, akamweleza kama alivyoelezwa yeye na mama yake. Mteja akiagiza, unampa alichoagiza, kisha unamwongezea kimoja, hiyo ndiyo yapa. Hukiiti hesabu, hukisemi, unakiweka pembeni kwa mkono wako mwenyewe. Kutoa ni moyo. Mteja akinuna, ongeza viwili. Asiyetoa yapa atakaa na mikate yake mpaka iote ukungu, na watu watapita kama hawamwoni. Lucinda alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza jambo lolote. Tangu siku hiyo hakukosea hata mara moja. Minane ilikuja na mmoja pembeni, kumi ikaja na mmoja pembeni, na kila mara Benedicta alisema, "Safi! Hiyo ndiyo hesabu," na alimaanisha.

Kama wewe umeshaona shimo liko wapi, basi umemtangulia Benedicta. Yeye hakuliona. Miaka hamsini mikono yake imetoa kumi na yapa yake, na kwake hiyo ndiyo kumi.

Asubuhi ya kupimwa mvua ilikuwa imeloanisha uwanja wa shule. Mwalimu Nelly Terceros aliwakaribisha kwenye chumba kilichonuka rangi mpya. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka, na nje ya mlango wake watoto wengine tisa walikuwa wakisubiri. Mirtha alikaa kwa kujinyoosha, mkoba magotini. Simu yake aliisimamisha mezani, imeegemea kasha la chaki, na humo akaonekana Yola katika jiko la watu, na aproni yake, macho yamevimba.

"Masharti ni mawili," mwalimu alisema. "Mtoto hahitaji kusema kama hataki, anaweza kuonyesha. La pili, watu wazima kimya. Mtu mzima akitia neno, swali hilo nalifuta, na makosa mawili ya hivyo namwandika mtoto hayuko tayari. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Mirtha alisema.

Benedicta aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa ameanza kunyamaza mapema, kwa usalama.

Mwalimu aliweka kasha la shanga za mbao mbele ya Lucinda. Mtoto alikuwa amebana midomo mpaka imekuwa myeupe.

"Lucinda, nipe shanga kumi."

Kimya. Kisha mkono mdogo ukaingia kashani. Ukatoka na tano, ukazipanga mstari. Ukatoka na tano nyingine, mstari wa pili. Ukarudi mara ya mwisho, ukaweka shanga moja pembeni, karibu na mkono wa mwalimu. Benedicta alishusha pumzi. Safi! Hiyo ndiyo hesabu.

Mwalimu akaandika msalaba kwenye karatasi.

Benedicta aliukodolea macho ule msalaba. Kusoma hajui sana, lakini msalaba anaujua, Fortunato amelala chini ya mmoja. Alimwangalia Mirtha, na Mirtha alikuwa ameinamisha uso kwa huruma. Ile huruma ilimchoma Benedicta kuliko dharau.

"Nipe sita."

Tano mstari, moja chini yake, na moja pembeni. Msalaba wa pili.

Mwalimu hakuwa mkatili, alikuwa tu amechoka, na uchovu ulimvuta uso. Alikunja paji, akagonga kalamu mezani. Lucinda aliuona uso huo. Akamtupia bibi yake jicho la haraka, la kuomba msaada, na Benedicta akauma shavu kwa ndani. Mezani, ndani ya simu, Yola alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Hapa una kumi na mbili," mwalimu alisema, akizihesabu kwa sauti, taratibu sana, kama unavyomsemesha mtu asiyesikia. "Nikitaka unipe tano, kwako zitabaki ngapi? Nionyeshe."

Lucinda alichukua tano, akazisukuma kwa mwalimu. Akautazama tena ule uso ulionuna. Akachukua moja, akaiweka pembeni. Akasita. Kisha akachukua nyingine, akaiweka kando ya ile.

Zilibaki tano kwake. Mwalimu alipumua, akanyanyua kalamu. "Moja zaidi, moja zaidi, sasa mbili zaidi," alisema, nusu akijisemea. "Anabahatisha."

Mirtha alinyoosha mkono akaushika mkono wa Benedicta. "Pole, mama," alinong'ona. "Si kosa lako."

Lakini Benedicta alikuwa akizitazama zile shanga mbili za pembeni. Mteja akinuna, ongeza viwili. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kosa lilikuwa lake, lote, mwanzo mpaka mwisho. Mtoto alikuwa ametenda kila kitu alichofundishwa, na kwa kutenda alikuwa anajifungia sanduku la waridi kwa mikono yake. Na yeye bibi ameambiwa asitie neno.

Alisimama. Marinda ya sketi yake yaligonga kiti, kiti kikaanguka.

"Lucinda, mama," alisema. Nusu karne sokoni, katika mvua, katika ukame, mwaka unga ulipokosekana kabisa, maneno haya hakuwahi kumwambia mtu. "Leo hakuna yapa."

"Bi Benedicta! Nilisema nini?"

"Futa, mwalimu. Futa swali, niandike mimi."

"Amemsaidia!" Mirtha aliruka. "Jamani, si amemsaidia?"

Lucinda alikuwa amemgeukia bibi yake, macho yamemtoka. Hapakuwa na mgeni tena chumbani, palikuwa na aibu tu, aibu kubwa isiyovumilika.

"Hakuna?" alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye foleni ya nje. "Hata kwa mwalimu?"

Kutoka kwenye simu ilitoka sauti ambayo hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio. Yola alikaa kwenye meza ile ya mkate kabla hajajua kutembea vizuri.

Mwalimu Terceros aliiweka kalamu chini. Akazitazama shanga, tano mstarini, mbili kando. Alipokuja kusema, alisema polepole, na safari hii hakuwa akimsemesha kiziwi.

"Hizi ni nini, Lucinda?"

"Ulizoagiza."

"Na hizi za pembeni?"

"Zako." Mtoto alifikiri kidogo, akaona afadhali aseme ukweli wote. "Mbili kwa sababu umenuna."

Masikio ya mwalimu yaligeuka mekundu. Alikuwa mtoto wa bonde lile lile, na kila Jumanne yeye mwenyewe husimama sokoni na kikapu akimwambia muuzaji, na yapa yangu, mama? Alikuwa ameona makosa kwa sababu karatasi ya chekechea ilimwambia atayaona.

"Swali la tatu nimelifuta," alisema. "Masharti ni masharti. Tunaanza upya, na namba nachagua mimi. Bi Benedicta, okota kiti chako ukae, na neno la pili nisilisikie." Akamwinamia mtoto. "Bibi yako amesema leo hakuna. Nipe ninachoagiza, basi. Kumi na nne."

Tano, tano, nne. Mkono wa Lucinda ukarudi kashani wenyewe, kwa mazoea. Benedicta alifumba macho. Alipoyafumbua, mkono ulikuwa umesimama hewani juu ya shanga; kisha ukarudi mapajani, mtupu.

"Tisa." Tisa. Mkono ukaenda, ukarudi mtupu.

"Nina kumi na saba, nikikupa nane?" Tisa. "Nusu ya kumi na mbili?" Mtoto alizikunja shanga kama kitambaa, mstari juu ya mstari: sita. Kila mara mkono ulikwenda na kurudi, na kila mara Lucinda alimtazama mwalimu kama anayemwomba radhi.

"Yuko tayari," mwalimu alisema, na akaandika.

"Wifi," Yola alisema kutoka Uhispania, akijifuta kwa aproni, "nisamehe. Umesikia mwenyewe."

Mirtha alisema amesikia. Alichukua simu yake, na alipoiweka mkobani aliitafuta zipu ya mkoba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jioni aliaga. Alikuwa amevuta sanduku lake mpaka getini, jepesi, linarukaruka juu ya mawe. Benedicta alikuwa ameshinda siku nzima akitafuta neno la kumchoma nalo, na sasa alipomwona amesimama na ile tiketi ya pili mkononi, neno lenyewe likamtoka akilini. Binti wa watu alikuwa ameshanunua mpaka kitanda cha mtoto.

"Ngoja upate mkate wa njiani," alisema.

"Nitanunua. Sitaki vya bure. Kumi."

"Lucinda! Mhudumie shangazi yako."

Mtoto alikuja na kikapu, mikate bado ya moto. Akahesabu kumi, tano na tano, akaiweka kwenye kitambaa. Kisha mkono ukaenda kikapuni, ukasimama. Akainua uso.

"Bibi, leo kuna yapa?"

Hakuwahi kuuliza. Miezi yote ile ya punje na maharagwe hakuwahi hata siku moja kuuliza. Benedicta alisikia maumivu ya kweli, hapa kifuani, maumivu ambayo asubuhi nzima ya misalaba haikuyaleta. Alipiga magoti, kazi ngumu kwa magoti yale, akaushika ule mkono mdogo juu ya kikapu.

"Ipo, mama. Ipo siku zote. Asubuhi niliizuia ili usiondoke. Usiniulize tena."

Lucinda aliyapokea maneno hayo, akayapima. Kisha akamtazama shangazi yake usoni, kwa makini, kama muuzaji anavyomtazama mteja: midomo iliyobanwa, macho mekundu.

Akaweka miwili.

Mirtha alifungua sanduku la waridi pale pale getini, chini, magoti kwenye tope, akaipanga mikate yote kumi na miwili ndani yake.